Presha na kisu: Kwa nini upasuaji huahirishwa

Wewe uliye Mombasa au Nairobi huenda una mzazi kule Golbanti, kando ya mto Tana, anayengoja kupasuliwa ngiri au tezi dume. Umetuma nauli ya Malindi, jamaa wa kumsindikiza amepatikana. Kisha asubuhi ya upasuaji anaambiwa presha iko juu, arudi nyumbani. Hasara hiyo inauma, na mara nyingi ingeepukika.

Je, daktari anaogopa nini? Shinikizo la damu likikaa juu miaka mingi, kuta za moyo hunenepa na mishipa hukakamaa. Nusukaputi hulishusha shinikizo, na mpira wa kupumulia unapoingizwa kooni hulipandisha ghafla. Moyo, ubongo na figo zilizozoea shinikizo la juu hukosa damu ya kutosha linapoporomoka. Hapo ndipo mtu hupata mshtuko wa moyo au kiharusi.

Basi mbona asipewe dawa ya kulishusha papo hapo? Kulishusha kwa pupa huleta madhara yale yale. Kazi hiyo huhitaji wiki kadhaa za vidonge.

Mwongozo wa madaktari wa Uingereza wa mwaka 2016 unaruhusu upasuaji usio wa dharura ikiwa vipimo vya miezi 12 iliyopita viko chini ya 160/100. Asiye na vipimo hivyo awe chini ya 180/110 anapokaguliwa. Dharura, kama utumbo ulioziba, haingoji. Kwa hiyo mzee apimwe mapema, hata hapo Ngao, na namba ziandikwe kwenye daftari atakalokwenda nalo. Hofu ya hospitali pekee hupandisha presha, na daftari humwonyesha daktari hali yake ya kawaida.

Lakini kosa kubwa ni hili: akiambiwa asile usiku, mgonjwa huacha na vidonge! Atenololi ikikatwa ghafla, moyo unaweza kwenda mbio kwa hatari. Humezwa asubuhi hiyo kwa funda la maji, na amlodipini vilevile. Enalaprili na losatani, kinyume chake, mara nyingi husimamishwa saa 24 kabla. Muulize daktari wa nusukaputi kuhusu kila kidonge kwa jina lake.

Atataka pia kujua nguvu za moyo. Mjini huuliza kama mtu hupanda ngazi za ghorofa mbili bila kusimama. Golbanti hakuna ghorofa za kujaribia, basi mwulize mzee kama huhema akitoka mtoni na ndoo, au hulala kwa mito mingi ili apumue.