Ada ya Uanachama wa Shule: Nani Hulipa, Nani Hufaidi

Umoja wa Shule za Kimataifa Afrika, maarufu kama AISA, ulianzishwa 1969, na makao yake ni Nairobi. Wakati huo Shule ya Kimataifa ya Tanganyika, Dar es Salaam, iliyofunguliwa 1963, ilikuwa na miaka 6. Shule za aina hii huitwa huru kwa sababu kila moja ina bodi yake na bajeti yake, na hakuna wizara inayowaandalia walimu wake mafunzo. Umoja hujaza pengo hilo, na wanachama huulipa. Je, malipo hayo yanarudi?

Tuchukue shule 2 za mfano. Namba zote za hesabu hii ni makadirio yangu. Shule ndogo iko Mwanza na ina wanafunzi 150. Kubwa iko Dar es Salaam na ina 900. Ada ya shule ni shilingi milioni 20 kwa mwanafunzi kwa mwaka, hivyo mapato ni bilioni 3 na bilioni 18. Ada ya uanachama ikiwa milioni 9 kwa kila shule, ndogo inatoa asilimia 0.3 ya mapato na kubwa asilimia 0.05. Kwa kila mwanafunzi ni shilingi 60,000 dhidi ya 10,000.

Sasa mafunzo. Mkufunzi kutoka nje kwa siku 3: tiketi milioni 4, malipo milioni 9, malazi na chakula milioni 2. Jumla ni milioni 15, wawe walimu 4 au 40. Shule 5 zikichangia, kila moja inatoa milioni 3 na kuokoa 12. Zikifika 10, mchango unashuka hadi milioni 1.5. Wachangiaji 5 wa ziada wameongeza akiba ya milioni 1.5 tu.

Tuongeze safari. Mafunzo yakifanyika Dar es Salaam, shule ya Mwanza inayotuma walimu 4 kwa shilingi 900,000 kila mmoja inalipa milioni 3.6 zaidi. Akiba yake inashuka kutoka milioni 12 hadi 8.4. Ikituma walimu 14, gharama inafika milioni 15.6, hapo ni nafuu kumwita mkufunzi Mwanza.

Tulinganishe akiba na ada ya uanachama. Shule kubwa inaokoa milioni 12 na kurudisha milioni 9 zake kwa mafunzo ya kwanza. Ndogo inaokoa 8.4, kwa hiyo inabaki na hasara ya shilingi 600,000 hadi mafunzo ya pili. Anayelipa zaidi kwa kila mwanafunzi ndiye anayechelewa kufaidi.

Hata akiba hiyo ina dhana ya kuhojiwa: kwamba bila umoja, shule ya Mwanza ingemwita mkufunzi peke yake. Kama isingemwita, hakuna milioni 8.4 zilizookolewa. Kilichopo ni mafunzo ya milioni 6.6, na bodi inapaswa kuuliza kama yana thamani hiyo.

Kuna faida inayokwenda kinyume na hesabu hii. Mwaka 2014, William Vahey, mwalimu Mmarekani aliyefundisha katika nchi 9 tangu 1972, alibainika kuwa na picha za watoto wasiopungua 90 aliowadhulumu kingono. Alikuwa ametiwa hatiani kwa kosa la aina hiyo California 1969, lakini shule ziliendelea kumwajiri. Mwaka huohuo wa 2014 miungano ya shule za kimataifa iliunda kikosi kazi cha pamoja cha ulinzi wa mtoto. Shule moja inaweza kuandika sera nzuri. Haiwezi kujua peke yake mwalimu alifanya nini alikotoka. Shule 2 zinazopeana taarifa ni jozi 1. Zikiwa 10 ni jozi 45, zikiwa 40 ni jozi 780. Akiba ya mafunzo hupungua kasi wanachama wanapoongezeka. Njia za taarifa huongezeka kwa kasi.

Tujaribu basi kanuni nyingine: nusu ya ada igawanywe sawa, nusu kwa idadi ya wanafunzi. Jumla inabaki milioni 18. Shule ndogo italipa takriban milioni 5.8 na kuzirudisha kwa mafunzo ya kwanza. Kubwa italipa 12.2, na itapungukiwa shilingi 200,000 tu baada ya mafunzo hayohayo.

Shule kubwa itasema inabebeshwa milioni 3.2 za mwenzake, na ni kweli. Ila milioni 3.2 kwa wanafunzi 900 ni takriban shilingi 3,600 kwa mmoja kwa mwaka. Upande wa pili wa mizani, shule moja ikijitoa katika umoja wa shule 40 kwa kushindwa ada, jozi 39 za taarifa zinakatika, na moja kati ya hizo ni ya shule hiyo kubwa. Bodi ziweke namba hizo 2 mezani kabla ya kupiga kura.