Redio ya Maneno: Siku ya Vipindi kutoka Alfajiri hadi Usiku

Redio ya maneno ni ile sehemu ya matangazo inayobebwa na sauti ya mtu anayesema: habari, mazungumzo, hadithi, mashairi na michezo ya kuigiza. Muziki husikika hata kwa sikio moja, lakini maneno yanataka utulivu. Kwa hiyo mpangaji wa vipindi huanza na swali moja: saa hii msikilizaji anafanya nini? Katika kambi za wavuvi za bwawa la Nyumba ya Mungu, lililokamilika katikati ya miaka ya 1960 kwenye tambarare ya magharibi ya Milima ya Pare, asubuhi ni ya kushusha samaki na kupatana bei. Kule juu milimani, Mamba Miamba, mkulima wa tangawizi yuko shambani. Kipindi kirefu cha saa tatu asubuhi kingewapita wote wawili.

Matangazo ya Dar es Salaam yalianza mwaka 1951. Mwaka 1965 kituo kikawa Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD, chini ya serikali. Hadi sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ilipofungua mlango kwa vituo binafsi, wasikilizaji wa Tanzania Bara walitegemea zaidi ratiba ya RTD. Mvuvi wa Lang'ata, kando ya Nyumba ya Mungu, na karani wa Dodoma walisikia hadithi ile ile kwa wakati mmoja, na kesho yake kila mmoja akawa na wa kuizungumza naye.

Asubuhi ilikuwa, na bado ni, zamu ya maneno mafupi. Taarifa ya habari hurudiwa, vichwa vya magazeti husomwa, matangazo ya vifo hutolewa. Anayewahi kibaruani hupata kiini hata akisikiliza dakika tano tu.

Vipindi vya elimu vilihitaji muda zaidi, na hata kikao. Mfano mkubwa ni kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Kwa wiki 12 watu walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza kipindi, wakasoma kijitabu, kisha wakajadiliana na kuamua la kufanya kijijini mwao. Washiriki walikadiriwa kufikia milioni mbili. Miongoni mwa magonjwa yaliyofundishwa ni malaria na kichocho, ambayo watu wa kando ya mabwawa wanayajua vizuri. Redio peke yake haikuchimba choo hata kimoja. Vikundi ndivyo vilivyochimba. Kipindi kiliwapa sababu na siku ya kuanza.

Sanaa ilipata nafasi zaidi watu wakiwa wamepumzika. Kipindi cha Mama na Mwana kilichukua kazi ya bibi: kuwasimulia watoto hadithi. Katika Malenga Wetu, washairi walisikika kwa mizani na vina, na shairi likarudi kuwa sauti baada ya kukaa gazetini. Pwagu na Pwaguzi kilichekesha kwa visa vya walaghai, na ndani ya kicheko hicho mlikuwa na onyo.

Mchezo wa redio ndio mgumu kuliko yote, kwa sababu hauna jukwaa. Mtunzi lazima amtambulishe kila mhusika kwa sauti na namna ya kusema, wala hawezi kuwaweka watu sita katika onyesho moja bila kumchanganya msikilizaji. Mlango unaobamizwa, maji yanayomwagwa au injini ya lori hueleza mahali bila msimulizi. Hata kimya cha sekunde mbili ni sehemu ya uigizaji.

Twende na Wakati, mchezo ulioanza RTD mwaka 1993, ulionyesha nguvu ya sanaa hiyo. Mhusika wake Mkwaju alikuwa dereva wa lori mwenye wanawake njiani. Mwishowe UKIMWI ukamuua. Mkewe Tunu alibadilika hatua kwa hatua hadi akasimama kwa miguu yake. Kwa miaka miwili ya mwanzo mchezo haukurushwa kupitia mtambo wa Dodoma, ili watafiti walinganishe waliousikia na wasiousikia. Waligundua kwamba katika maeneo yaliyousikia, matumizi ya uzazi wa mpango yaliongezeka zaidi.

Usiku, baada ya taarifa ya habari, kipindi cha Mazungumzo Baada ya Habari kilichambua jambo moja kwa hoja. Wenye redio za masafa mafupi waliongeza sauti za mbali: idhaa ya Kiswahili ya BBC, iliyoanza mwaka 1957, na ile ya Deutsche Welle ya mwaka 1963.

Masafa nayo huamua nani asikie nini. Mawimbi mafupi hugonga tabaka la juu la anga na kurudi ardhini mbali sana. Mawimbi ya FM husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, hivyo mlima huyakinga. Nyumba ya Mungu ina tambarare wazi kuelekea Moshi, lakini Ndungu na Maore, upande wa mashariki, zimekingwa na milima yenyewe dhidi ya mawimbi ya kutoka Moshi. Leo wengi husikiliza FM kwa simu, na waya wa visikilizio ndio antena.

Vituo vimeongezeka, lakini michezo na hadithi havikuongezeka kwa kiasi hicho, kwani mtangazaji mmoja na nyimbo ni rahisi kuliko mtunzi, waigizaji na fundi mitambo. Milima ya Pare ina ngano nyingi za Chasu, lugha ya Wapare, zinazoweza kusimuliwa upya kwa Kiswahili na kuigizwa. Kituo kitakachotenga nusu saa kwa wiki na kumlipa mtunzi hakitakosa wasikilizaji.