Ukitoa Damu Ipimwe, Uliza Jibu Lake

Msimu wa kunyunyiza ukikaribia, huenda wakaja wageni na sindano na chupa ndogo, wakisema wanachunguza sumu ya dawa za shamba katika miili ya watu. Wapokee, kazi yao ina faida. Lakini kabla hujakunja mkono wa shati, waulize: jibu langu nitalipata lini, na nani atanieleza?

Wakulima wengi hapa Manyatta huona haya kuuliza. Hudhani ya kuwa jibu ni la madaktari na Serikali. Sivyo.

Mwaka wa 1993 na 1994 walipimwa watu 666 katika Kenya: wa maua huko Naivasha, wa pamba Homa Bay, wa tumbaku Migori, na jirani zetu wa mpunga huko Wamumu, Mwea. Kati yao 390 walikuwa wakishika dawa za jamii ya oganofosfeti na kabamati. Kilichopimwa ni kitu cha damuni kiitwacho kolinesterasi. Kazi yake ni kutuliza mishipa ya fahamu ikisha kutoa amri kwa misuli. Dawa hizo humwua mdudu kwa kukifunga kitu hicho, na ndani ya mtu hufanya vivyo hivyo. Kwa hao 390 kilikuwa kimepungua, kwa wastani, kama theluthi moja.

Habari hiyo yawafaa watunga sheria. Wewe haikutoshi. Huenda kwako kimepungua kidogo, na kwa kijana wako abebaye bomba kimepungua nusu. Naye Jumatatu atarudi kwenye kahawa.

Tena kipimo kimoja hakisemi mengi, kwa sababu watu wazima wawili hawalingani damu. Yafaa upimwe kabla ya msimu, kisha upimwe tena kazi ikiendelea. Huko California, Marekani, mfanyakazi ambaye kolinesterasi ya chembe zake nyekundu imeshuka hadi asilimia 70 ya kipimo chake cha kwanza huondolewa kwenye dawa hadi ipande tena kufika asilimia 80. Kupona kabisa kwaweza kuchukua miezi mitatu au minne. Basi jibu likija mwakani litamfaa nini mwenye bomba?

Kipimo hiki hakioni kila kitu. Kopa tunayonyunyizia kahawa haimo. Ziko dawa nyingine zinazoonekana katika mkojo, wala madaktari hawajui ni kiasi gani kinachodhuru. Wakuambie hivyo hivyo, bila kuficha.

Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 yampa kila mtu haki ya kuziona habari zake zilizowekwa na wengine. Kibarua wako naye anayo. Jibu lake apewe yeye, si wewe tajiri wake, wala lisisomwe barazani.

Siku ya kupimwa nenda na karatasi yenye majina ya dawa ulizotumia na tarehe zake. Na mtu akitokwa na jasho na mate mengi, misuli ikamcheza na macho yakaona kiwi baada ya kunyunyiza, usingoje jibu la mtu yeyote. Mvue nguo zenye dawa, mwoshe kwa maji na sabuni, umpeleke hospitali upesi, pamoja na mkebe wa dawa wenye maandishi yake.