Saratani ya tezi dume: je, damu yaweza kusema kama ni kali?

Yuko baba wa makamo hapa Mabatini anayeamka usiku mara nne kwenda haja ndogo. Mkojo unakuja kwa kukatika. Akishastanji na kutia udhu anahisi tone limetoka, anarudi tena chooni. Nyumbani hasemi. Siku akienda hospitali anapimwa damu kipimo cha PSA, anaambiwa kimepanda.

PSA ni protini inayotengenezwa na tezi dume. Hupanda kwa saratani, lakini hupanda pia tezi inapotanuka kwa umri tu, au mtu akiwa na maambukizi ya mkojo, au amewekwa mpira wa mkojo. Hata tendo la ndoa siku moja au mbili kabla laweza kuipandisha, na hilo wengi hawalisemi kwa haya. Mwambie daktari.

Ukali wa saratani hujulikana kwa kuchukua vinyama vidogo kwa sindano na kuvitazama kwenye hadubini. Utaratibu wa alama aliuanzisha Dk. Donald Gleason wa Marekani miaka ya 1960. Siku hizi alama 6 ni saratani ya pole, 7 ya kati, 8 hadi 10 kali. Ya pole mara nyingi hufuatiliwa tu, bila upasuaji wala mionzi. Kali haisubiri.

Sindano hiyo, ambayo mara nyingi hupitia njia ya haja kubwa, ndiyo inayowakimbiza wazee wetu. Ndipo wanasayansi wakageukia mwanga, kwa njia iitwayo spektroskopi. Damu kidogo humulikwa kwa mwanga maalumu. Mafuta, protini na sukari zilizomo, kila kimoja hunyonya au hutawanya mwanga kwa namna yake. Kompyuta hulinganisha damu ya wenye saratani kali na ya wenye saratani ya pole, kisha hukisia mgonjwa mpya yuko upande upi.

Huo bado ni utafiti, si huduma ya kuagiza ukifika Bugando. Damu hubadilishwa na mengi, kisukari kikiwamo, na kipimo lazima kithibitike kwa watu wengi, wa kwetu pia.

Basi aliyeambiwa PSA imepanda asikae akisubiri mashine isiyo na sindano, wala asiishie kwenye mizizi. Wengi nchini hufika hospitali saratani ikiwa imeshaingia mifupani. Enyi wake na watoto, msindikizeni baba, na karatasi ya majibu itunzwe na tarehe yake. Ambaye baba au kaka yake aliugua, amwone daktari mapema, kabla hata ya miaka 50.