Fahamu: Kupiga hodi kwa wazazi wapya kunapimwaje?

Mhudumu wa afya akipiga hodi kwa mama mwenye mimba ya kwanza kule Pito, Sumbawanga, nani ajue kama amesaidia?

Huko Mtwara na Lindi, watafiti walijaribu kujibu. Kata ziligawanywa kwa kura ya bahati: baadhi zikapata wanawake wa kujitolea waliowatembelea wajawazito, na tena baada ya kujifungua, nyingine zikabaki bila huduma hiyo kama kipimo cha kulinganisha. Matokeo yalichapishwa 2015. Unyonyeshaji wa siku za mwanzo uliimarika, lakini vifo vya vichanga havikupungua.

Si ajabu sana: mtoto aliyezaliwa bila pumzi anamhitaji mkunga mwenye vifaa, ushauri haumtoshi.

Hata England, mpango wa wauguzi wanaotembelea wazazi nyumbani, uliobuniwa Marekani na David Olds, ulipopimwa haukupunguza uvutaji sigara miongoni mwa wasichana wenye mimba ya kwanza.