Nani Alikuambia Kwamba Huwezi?

Mada: Afya ya mwili na akili
Kwa: Wasikilizaji walioko kambini na kwenye makazi ya wakimbizi, pamoja na wenyeji wanaoishi nao

(MUZIKI WA KIPINDI UNASIKIKA, KISHA UNASHUKA POLEPOLE)

Popote ulipo, iwe ni Nyarugusu, Nakivale, Mahama au Kakuma, au uko nyumbani Uvira na Bukavu unajaribu kuanza upya, kipindi cha leo ni chako. Na wewe unayesoma maandishi haya pamoja na wenzako, ni chako pia. Someni taratibu, na mkifika mwisho jadilianeni.

Leo tunazungumzia maneno mawili ambayo huenda umeyasema wiki hii: "Mimi siwezi." Siwezi kurudi darasani, nimeshakuwa mtu mzima. Siwezi kufanya mazoezi, mwili umechoka. Siwezi kupunguza uzito, katika ukoo wetu wote tuko hivi. Siwezi kuanza lolote hapa, maisha yangu yalibaki kule tulikotoka.

Hatutakuambia kwamba kila kitu kinawezekana. Huo ungekuwa uongo, na wewe umeona mengi mno kuweza kuuamini. Aliyevunjika mguu jana hawezi kukimbia leo. Lakini ziko "siwezi" nyingine ambazo hazijawahi kupimwa. Tumezibeba tu, kama mtu anayebeba mzigo wa mwenzake bila kujua ndani kuna nini. Utazitambuaje? Jiulize maswali matatu. Nilijaribu lini mara ya mwisho? Nilijaribu mara ngapi? Nilijaribu kwa njia gani? Ukikosa majibu, basi hiyo "siwezi" yako bado ni dhana.

Dhana hii inatoka wapi?

Wakati mwingine iliwekwa na mtu mwingine. Mzazi, mwalimu au mwenzako alikuambia ukiwa mdogo kwamba wewe ni mzito, ni mjinga, ni dhaifu. Wakati mwingine ulijaribu mara moja, ukashindwa mbele za watu, ukaapa kutorudia.

Kwa aliyekimbia vita kuna chanzo kingine kikubwa zaidi. Kwa miezi au miaka, wengine wamekuamulia: utalala wapi, utakula nini, lini utoke na lini urudi. Mtu akiishi hivyo kwa muda mrefu, akili hujifunza kwamba juhudi zake hazibadilishi kitu. Baadaye, hata mlango ukifunguliwa, hajaribu kusimama. Huo si uvivu, wala si laana. Ni jambo ambalo akili ilijifunza, na kinachojifunzwa kinaweza kujifunzwa upya.

Ubaya wake ni kwamba dhana hii hujitengenezea ushahidi. Unadhani huwezi kutembea umbali mrefu, kwa hiyo unakaa. Ukikaa, misuli inalegea na pumzi inapungua. Siku unapolazimika kutembea hadi kituo cha afya, unahema sana, na unasema, "Mnaona? Nilisema siwezi." Kumbe ni kule kukaa kulikokudhoofisha.

(MUZIKI MFUPI)

Imani hujengwa kwa vitu vinne

Mwaka 1977 mwanasaikolojia Albert Bandura, aliyezaliwa Kanada na kufundisha katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alieleza jinsi mtu anavyopata imani kwamba anaweza kutenda jambo fulani. Alitaja vyanzo vinne. Tuvipitie kimoja kimoja, maana kila kimoja unaweza kukitumia hapo ulipo bila kununua kitu.

Cha kwanza: ushahidi wa matendo yako mwenyewe. Hiki ndicho chenye nguvu kuliko vyote. Hakuna hotuba itakayokushawishi kama jambo ulilolitenda kwa miguu yako. Ndiyo maana lengo la kwanza liwe dogo kiasi kwamba hutashindwa. Anayesema "kuanzia kesho nitakimbia saa nzima kila siku" anajiandalia ushahidi wa kushindwa ifikapo siku ya tatu. Anayesema "kesho asubuhi nitatembea kwa dakika 10" atafaulu, na kesho kutwa atakuwa na jambo la kusimama juu yake. Haba na haba hujaza kibaba.

Cha pili: kumwona mtu anayefanana nawe. Bingwa wa mbali, mwenye viatu ghali na daktari wake, anaweza kukufurahisha lakini asikushawishi. Anayekushawishi ni yule aliyeanzia pale ulipo.

Mfikirie Parfait Hakizimana, Mrundi. Akiwa mtoto, kambi ya watu waliokimbia makwao ndani ya Burundi ilishambuliwa. Mama yake aliuawa, na yeye akajeruhiwa vibaya mkono wa kushoto. Alipokuwa kijana alijifunza mchezo wa taekwondo. Baadaye alikimbilia Rwanda, akaishi katika kambi ya Mahama, na huko akawa anawafundisha wakimbizi wenzake mchezo huo, wakiwemo watoto. Mwaka 2021 alishindana katika Michezo ya Walemavu ya Tokyo akiwa kwenye timu ya wakimbizi. Mkono wake haukupona. Alijifunza kupigana na mwili alio nao.

Mfikirie pia Popole Misenga, mzaliwa wa Bukavu. Vita vilimtenganisha na familia yake akiwa na miaka 9. Alipelekwa Kinshasa, na huko akajifunza judo. Mwaka 2016 alipanda ulingoni mjini Rio de Janeiro, Brazili, katika timu ya kwanza ya wakimbizi kwenye Michezo ya Olimpiki, iliyokuwa na wanamichezo 10, na akashinda pambano lake la kwanza.

Cha tatu: neno la mtu unayemwamini. Katika timu hiyohiyo ya Rio alikuwemo Rose Nathike Lokonyen, msichana kutoka Sudan Kusini aliyekulia Kakuma. Hakuwa amewahi kushindana. Mwalimu wake shuleni kambini ndiye aliyempa wazo la kuingia katika mbio za kilomita 10. Alikimbia peku, akamaliza wa pili. Baada ya hapo alichaguliwa kujiunga na kambi ya mazoezi ya Tegla Loroupe, Mkenya ambaye mwaka 1994 alikuwa mwanamke wa kwanza kutoka Afrika kushinda mbio za marathoni za New York.

Sikiliza sehemu ambayo watu huisahau. Kule Rio, Rose hakushinda. Alikimbia mita 800 kwa dakika 2 na sekunde 16, akatoka katika hatua ya mchujo. Miaka mitano baadaye, Tokyo, alikimbia umbali uleule kwa dakika 2 na sekunde 11. Hakuvuka mchujo safari hii pia. Lakini sekunde hizo tano zilikuwa zake. Na yote yalianza kwa mwalimu aliyesema, "Jaribu."

Kwa hiyo chunga maneno yako, wewe mzazi, jirani, kiongozi wa mtaa. Mama akianza kutembea asubuhi na watu wakamcheka, "Huyo anaenda wapi na mwili ule?", kesho atabaki ndani. Ukimwambia, "Leo umefika mbali kuliko juzi," atatoka tena. Sifa iwe ya kweli, na itaje jambo alilolifanya.

Cha nne: jinsi unavyousoma mwili wako. Wengi huacha mazoezi kwa sababu wanaitafsiri vibaya ishara ya kawaida. Moyo unadunda, jasho linatoka, pumzi inakuwa nzito, nao wanasema, "Mwili unakataa." Hapana. Misuli inaomba hewa na chakula zaidi, na moyo unapeleka. Kesho yake mapaja yanauma. Maumivu hayo ya misuli huja siku moja hadi tatu baada ya kazi ambayo mwili haukuizoea, kisha huisha.

Kipimo rahisi ni hiki: ukitembea kwa kasi inayofaa, unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Ukiweza kuimba, ongeza mwendo kidogo. Ukishindwa hata kuzungumza, punguza.

Lakini zipo ishara za kusimama mara moja: maumivu ya kifua, kizunguzungu, kuzimia, au kukosa pumzi hata baada ya kupumzika. Hapo nenda kituo cha afya. Mjamzito, mwenye shinikizo la damu, kisukari au ugonjwa wa moyo, na yeyote anayetumia dawa kila siku, amwone mhudumu wa afya kabla ya kuanza.

(MUZIKI MFUPI)

Mpango wa wiki tano

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima afanye angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Usiogope namba hiyo. Ukiigawa kwa siku tano, ni dakika 30 kwa siku. Shirika hilo linasema pia kwamba kufanya kidogo ni bora kuliko kutofanya kabisa, na kwamba kutembea kwenda sokoni, kulima na kazi za nyumbani vinahesabika. Mama anayebeba dumu la maji kila siku kutoka bombani tayari ana mazoezi. Pengine anachokosa ni kupumzika.

Kwa anayekaa muda mrefu, anza hivi, siku tano kwa wiki:

Wiki ya 1: tembea dakika 10.
Wiki ya 2: dakika 15.
Wiki ya 3: dakika 20.
Wiki ya 4: dakika 25.
Wiki ya 5: dakika 30.

Siku mbili katika wiki, ongeza mazoezi ya nguvu: kaa kwenye kiti au gogo kisha simama bila kujishika, mara 10. Halafu simama mbele ya ukuta imara, weka viganja ukutani na ujisukume, mara 10. Usiyeweza kusimama, au unayetumia kiti cha magurudumu, fanya kazi ya mikono na mabega: inua chupa mbili za maji, mara 10.

Chagua saa isiyobadilika, kabla ya jua kali. Tafuta mwenzako wa kutembea naye, hasa kama njia si salama kwa mwanamke au msichana kuwa peke yake. Kila siku unapomaliza, weka alama moja ya mkaa ukutani au mstari kwenye daftari. Alama hizo ndizo ushahidi wako. Siku "siwezi" itakaporudi, na itarudi, zihesabu.

Ukikatiza, je?

Utakatiza. Mtoto ataugua, mvua itanyesha siku nne, kutakuwa na foleni ya mgao kutwa nzima. Wengi hupotelea hapo, kwa sababu wanasema, "Nimeshaharibu." Wazee walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Rudi kwenye wiki iliyotangulia, si mwanzo kabisa, uendelee. Kukosa siku moja hakufuti siku 12 ulizotembea.

Na kama chakula ni kidogo, usijilaumu. Mgao ukipunguzwa, nguvu hupungua, na hilo si kosa la imani yako. Tembea taratibu, fupisha muda, usijitese kwa mazoezi mazito ukiwa na njaa. Vilevile, kama kwa wiki kadhaa hulali, huna hamu ya chochote, au unawaza kuyakatiza maisha yako, usibaki peke yako na wazo hilo. Mwambie leo mtu unayemwamini, na mwende pamoja kwa mhudumu wa afya au mshauri aliye karibu. Huo ni ugonjwa unaotibika, na kuomba msaada ni hatua pia.

Zaidi ya mwili

Tumeanza na kutembea kwa sababu miguu haidanganyi: juzi ulifika msikitini au kanisani, leo umefika sokoni. Lakini njia hii haiishii kwenye mwili. Anayetaka kujua kusoma aanze na herufi tano. Anayetaka kushona aanze na kutia kiraka. Kisha amtafute mtu aliyeanzia alipo yeye, apate neno la kweli kutoka kwa anayemwamini, na asiudhanie wasiwasi wa siku ya kwanza kuwa ni ishara ya kushindwa. Vitu ni vilevile vinne.

Ndugu msikilizaji, yako mambo mengi ambayo hukuyachagua. Hukuchagua vita, wala urefu wa safari, wala mahali ulipopangiwa kuishi. Kesho asubuhi kuna dakika 10 ambazo unaweza kuzichagua. Anza nazo.

(MUZIKI UNAPANDA, KISHA UNASHUKA)

Maswali kwa kikundi cha wasikilizaji

1. Taja jambo moja ambalo husema "siwezi". Ulilijaribu lini mara ya mwisho, na kwa njia gani?
2. Ni nani katika mtaa wenu aliyeanzia mahali pagumu na sasa amepiga hatua? Mnaweza kumwalika aje aeleze alivyoanza?
3. Ni maneno gani katika jamii yetu huwakatisha tamaa wanawake, wazee au watu wenye ulemavu wanaotaka kufanya mazoezi? Tuseme nini badala yake?
4. Ni njia ipi hapa kwetu iliyo salama kwa kutembea, na ni saa ngapi?

Kazi ya wiki hii: kila mmoja achague lengo moja dogo, amtajie mwenzake, na arudi wiki ijayo na alama zake.

Hadi wakati huo, ubaki na amani, wewe na watu wa nyumbani kwako.