Kombe na Majina Yake: Mashindano ya Mpira ya Afrika ya Mashariki Yatazamwapo Kutoka Mwanza

Mtu asimamaye ukingoni mwa ziwa pale Mwanza ana mbele yake maji yaguswayo na nchi tatu: Tanzania upande wa kusini, Uganda upande wa kaskazini na Kenya upande wa mashariki. Zamani, kabla ya kuja mpira wa miguu, wakazi wa kando ya ziwa hilo walikuwa na mchezo wa kete uliofanana, kila watu wakiuita kwa lugha yao. Wasukuma waliuita isolo, Waganda omweso, na Wajaluo ajua. Mchezo huo haukuwa na kikombe wala mfadhili, na hapakuwa na haja ya kuuliza ni mali ya nani. Mpira wa miguu ulikuja pamoja na swali hilo, na majina ya kombe lililoshindaniwa na nchi hizi ni sehemu kubwa ya jibu lake.

Jina la kwanza lilikuwa la mfanyabiashara. Mwaka 1926 Kenya na Uganda zilianza kushindania Kombe la Gossage, lililotolewa kwa jina la kampuni ya sabuni ya William Gossage na Wanawe, ya Widnes huko Uingereza. Mchezo wa kwanza ulitoka sare, mabao mawili kwa mawili. Uliporudiwa Kenya ikashinda kwa mabao mawili kwa moja. Kwa miaka kadha wa kadha kombe lilibaki mikononi mwa nchi hizo mbili. Tanganyika iliingia mwaka 1945, na Unguja na Pemba, kwa jina la Zanzibar, mwaka 1949. Mwaka huo huo wa 1949 Tanganyika ilishinda, ikashinda tena mwaka 1950 na 1951.

Yafaa kuangalia kwamba Tanganyika ilikawia kuingia, ingawa njia zilikuwa wazi zamani. Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na meli za ziwani zikaunganisha bandari za Kisumu, Entebbe, Bukoba, Musoma na Mwanza. Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928. Mabaharia, wachukuzi wa marobota ya pamba, makarani na askari walivuka ziwa kutoka nchi hii kwenda nchi ile. Basi watu wa kando ya ziwa walikwisha kuwa jirani wa bandari moja kabla timu za nchi zao hazijakutana uwanjani.

Watu hao walihitaji lugha ya kuzungumzia mchezo. Kisukuma, Kikerewe, Kihaya na Luganda ni ndugu katika jamii ya Kibantu, lakini Kijaluo si cha jamii hiyo. Kwa hiyo katika bandari na viwanja vya miji hii, Kiswahili, ambacho kwa wengi hakikuwa lugha ya mama, kilifanya kazi ya kuunganisha. Nacho hakikuchukua maneno ya Kiingereza kama yalivyo na kukaa kimya. Yapo yaliyokopwa na kuvikwa sauti za Kiswahili, kama vile goli, kipa, refa, kona na penalti. Lakini kando yake yamesimama maneno yaliyokuwamo nyumbani tangu kale, yakapewa kazi mpya. Mchezaji akigusa mpira kwa mkono husemwa amenawa. Akimtangulia mlinzi wa mwisho kinyume cha sheria husemwa ameotea, yaani amevizia, kama afanyavyo mwindaji. Timu zikilingana mabao hutoka sare, kwa neno litumikalo kwa nguo za namna moja. Hata bao lenyewe ni neno la mchezo wa kete. Kwa njia hiyo mchezo wa wageni ulihesabiwa kwa hesabu ya mchezo wa wenyeji.

Neno kombe nalo lina habari yake. Kikombe ni chombo cha kunywea. Kiambishi ki- kikiondolewa hupatikana kombe, jina la ukubwa, kama kapu litokavyo katika kikapu. Hivyo msemaji wa Kiswahili hakusema tu kwamba timu zinagombea chombo. Alisema pia kwamba chombo hicho ni kikubwa, nacho chastahili kugombewa. Wingi wake, makombe, hutokea mara chache katika khabari za Tanzania, kwa maana ushindi wake katika mashindano haya si mwingi.

Baada ya uhuru jina la muuza sabuni halikudumu. Tanganyika ilitwaa kombe mwaka 1964, na Tanzania, jina jipya la nchi baada ya Muungano, ikalitwaa mwaka 1965. Kombe la Gossage lilichezewa mara ya mwisho mwaka 1966. Mwaka 1967 mashindano yalianza upya kwa jina la Kombe la Chalenji la Afrika ya Mashariki na Kati. Jina hili lilitaja eneo, si duka. Walakini neno lake la katikati lilikuwa bado la Kiingereza. Jambo la kuangalia ni kwamba neno changamoto, ambalo baadaye lilienea kwa maana hiyo hiyo, halikuweza kulitoa. Sababu yake si uvivu wa wasemaji. Changamoto, katika matumizi ya siku hizi, humaanisha zaidi taabu inayomkabili mtu. Bali Chalenji limekwisha kuwa jina la kitu kimoja tu, na jina la namna hiyo halihitaji tafsiri.

Jina la tatu lilikuja mwaka 1973, mashindano yalipoanza kufanywa chini ya CECAFA, baraza la vyama vya mpira vya Afrika ya Mashariki na Kati. Hapo herufi za mwanzo za maneno ya Kiingereza zilisomwa kama neno moja. Kwa kuwa neno hilo huishia kwa irabu na kila konsonanti yake hufuatwa na irabu, halikumpa shida msemaji wa Kiswahili. Likaingia katika ngeli ya N: CECAFA imepanga, CECAFA imeahirisha. Tanzania ilishinda chini ya jina hilo mwaka 1974, 1994 na 2010. Na Zanzibar, iliyoshindana kama timu ya peke yake, ilishinda mwaka 1995.

Mwanza ilipata kuyapokea mashindano hayo mwaka 2002, yalipochezwa huko na Arusha. Tanzania ilifika fainali, ikafungwa na Kenya mabao matatu kwa mawili. Jirani wa ziwani alichukua kombe, na hakuna ajabu katika jambo hilo. Mji wa Mwanza wenyewe ulikwisha kuonyesha namna yake ya kutaja mali yake: timu ya mji iliitwa Pamba, kwa zao lililolimwa na Wasukuma wenyewe na kupakiwa bandarini mwao. Jina hilo halikuhitaji mfadhili wa kulitoa, wala mkalimani wa kulieleza.

Siku hizi mashindano ya wakubwa yamepungua nguvu. Mwaka 2019 yalifanyika Uganda, na Uganda ikalitwaa kombe kwa mara ya 15. Mwaka 2021, huko Ethiopia, walicheza vijana wasiozidi umri wa miaka 23, na Tanzania ikaishinda Burundi kwa penalti. Mashindano yakikoma, maneno yake nayo hukoma. Mzee wa Mwanza akumbukaye Gossage na kijana ajuaye CECAFA peke yake wanazungumza juu ya kombe lenye nasaba moja bila kufahamiana. Hapo ndipo kazi ya kuandika msamiati wa mchezo huu, pamoja na tarehe zake na mahali pake, isipokuwa ya anasa, maana watu walioyasikia majina yote matatu wanazidi kupungua.

Mwaka 2023 Kenya, Uganda na Tanzania zilipewa kwa pamoja uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2027. Maombi yao waliyapa jina la Pamoja. Baada ya jina la sabuni, neno la Kiingereza na herufi za kifupisho, hili lilikuwa neno la Kiswahili tupu, lisilohitaji maelezo Kisumu, Entebbe wala Mwanza. Nalo limeundwa kwa pa-, kiambishi cha mahali, na moja. Maana yake ya asili ni mahali palipo pamoja, na nchi hizi tatu mahali hapo zilikuwa napo tangu mwanzo: ziwa lao.